Kupika kwa Moto Mchache: Mwongozo wa Chakula Chepesi Dar Wakati wa Kaskazi

Kuanzia Desemba mpaka masika yaanze, upepo wa kaskazi ukivuma, jiko la Dar es Salaam ni adhabu. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, unyevu wa bahari unalizidisha, na katika nyumba nyingi za kupanga jiko ni kona ya varanda au chumba chenye kidirisha cha kupitisha paka. Ukiwasha mkaa saa sita mchana uivishe maharage, nyumba nzima inaiva pamoja nayo.

Watu wakisikia chakula chepesi hufikiria chakula cha kupunguza mwili, au sahani ya majani ya mgonjwa. Mimi nazungumzia kitu kingine: chakula kinachokaa motoni muda mfupi, chenye mafuta kidogo na uchachu wa kutosha, kinacholiwa siku ileile na kumwacha mtu anaweza kurudi kazini bila kusinzia. Kazi kubwa ya chakula hiki hufanyika sokoni asubuhi. Ukinunua vizuri na kuanza mapema, jikoni unabaki na shughuli ya nusu saa.

Hatua ya kwanza: fuata msimu, usishindane nao

Kaskazi ikivuma, maembe ndiyo yanatawala. Dodo, bolibo, sindano na jamaa zao hushuka kwa wingi kuanzia Novemba, na Januari bado yapo ya kutosha. Mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, nayo yanafika kwa malori. Ongeza matikiti, matango, bamia, biringanya, nyanya chungu na mchicha, ambao kwa kweli haujui msimu. Orodha hiyo peke yake inatosha kulisha familia miezi mitatu bila kurudia sahani kila siku.

Machungwa ya Muheza msimu wake mkubwa ni katikati ya mwaka. Ukiyalazimisha Januari utalipa zaidi kwa tunda lenye maji kidogo. Kwa uchachu tumia ndimu, ukwaju na embe bichi. Nyanya hutoka mbali, nyingi Iringa na Morogoro, na mvua kubwa ikiharibu mashamba au barabara bei hupanda ghafla. Siku hizo punguza nyanya kwenye mchuzi, weka ukwaju. Wapishi wa pwani wamekuwa wakiutumia siku zote, hata nyanya zikiwa za kumwaga.

Hatua ya pili: chagua soko na saa

Hakuna soko moja linalomaliza kila kitu, na kuzunguka masoko manne kwenye foleni za Dar kunakula faida yote. Ninavyoona mimi, gawa manunuzi mafungu mawili. Vitu vinavyokaa, yaani vitunguu, viazi, karoti, nazi, ndimu, choroko na tangawizi, vinunue mara moja kwa wiki kwenye soko kubwa: Kariakoo, Ilala, Buguruni, Temeke Stereo au Mabibo, lolote lililo kwenye njia yako. Mabibo ni mahali pa ndizi; wenyewe wanapaita Mahakama ya Ndizi. Nenda asubuhi mapema, malori yakiwa yanashusha. Ikifika saa nne, vilivyobaki vimeshapigwa jua na kuminywa na mikono mia.

Vitu laini, yaani mchicha, matembele, kotmiri, nyanya zilizoiva na parachichi la kula leo, nunua kwenye genge la mtaani kwako. Watu hulidharau genge kwa sababu bei yake imepanda kidogo kuliko sokoni, lakini mama wa genge anaenda sokoni alfajiri kwa niaba yako, na akishakuzoea atakwambia, "Leo mchicha usichukue, dada, ni wa jana." Maneno hayo huwezi kuyapata Kariakoo. Ukinunua kwake mara kwa mara utaongezewa fungu bila kuomba, na siku ukipungukiwa atakuandika daftarini.

Beba kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata kama isingekuwa hivyo, mboga iliyofungwa kwenye plastiki juani hupikika kabla ya kufika nyumbani. Kikapu cha ukindu kinapitisha hewa. Vizito chini, nyanya na majani juu.

Kwa kuwa nimetaja Kariakoo: jengo lake la soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa ili kukinga maji ya mvua na kupitisha hewa. Fundi huyo alijua nyanya haitaki kufungiwa. Jengo liliungua Julai 2021, lakini biashara ya mboga mitaa ya karibu haikufa.

Hatua ya tatu: macho, pua na kidole

Jifunze kwanza jambo moja litakalokuokolea pesa nyingi: kuna matunda yanayoendelea kuiva yakishachumwa, na kuna yasiyoendelea. Embe, parachichi, papai na ndizi huendelea, hivyo unaweza kununua magumu na kuyapanga: mawili ya leo, mawili ya keshokutwa, mawili ya Jumamosi. Nanasi na tikiti haviendelei kuongeza utamu. Nanasi bichi ukilikalisha litabadilika rangi na kulainika, likaoza, lakini utamu uliokuja nao ni uleule. Kwa hiyo nanasi linunuliwe kwa pua. Linuse upande wa chini, pale lilipokatwa kwenye shina. Likinukia nanasi, chukua. Lisiponukia kitu, acha. Likinukia kama pombe, limepita. Tikiti ligeuze utazame doa lililokuwa limelalia ardhi. Liwe la njano iliyokolea, si jeupe. Kisha pima mikononi matikiti mawili yanayolingana ukubwa, chukua lililo zito. Kulipiga kofi na kusikiliza, kama wanavyofanya wengi, kunahitaji sikio lililozoea, na nusu ya wanaopiga wanawaigiza tu wenzao.

Embe linuse karibu na kikonyo. Usiliminye kwa kidole gumba. Muuzaji atakukaripia na atakuwa na haki. Parachichi libonyeze kidogo juu, karibu na kikonyo, kwa kiganja.

Nyanya za kachumbari ziwe ngumu, zenye ngozi iliyokaza. Zile zilizolainika, za fungu la bei ya chini, ni nzuri kwa mchuzi, chukua pia. Tango liwe jembamba. Yale manene yamejaa mbegu na maji. Bamia ijaribu kwa kuvunja ncha: ikivunjika kwa sauti ni changa, ikipinda ni kamba. Biringanya ngozi yake ing'ae.

Mchicha nunua wenye mizizi ukiupata. Ukiuchomeka kwenye kopo la maji kivulini unakaa hai mpaka jioni, wakati ule uliokatwa unalala ndani ya saa mbili. Muulize muuzaji umetoka wapi, na swali hilo si la kuleta maneno. Mboga nyingi za majani za Dar hulimwa mabondeni ndani ya jiji, na mto kama Msimbazi hubeba uchafu wa majumbani na wa viwandani. Kuosha huondoa mchanga na vijidudu vilivyo juu ya jani, hakuondoi kilichonywewa na mizizi. Muuzaji anayejua mboga yake imetoka bustani ipi, na inanyweshwa maji ya wapi, mshike.

Hatua ya nne: samaki, na hapa usiwe na haraka

Mji uko juu ya bahari, kwa hiyo chakula chepesi cha Dar bila samaki ni kujinyima. Feri, pale Magogoni kando ya kivuko cha Kigamboni, ndiko kwenye mnada. Basi la mwendokasi kutoka Kimara linaishia Kivukoni, hatua chache kutoka sokoni. Wanaoishi Tegeta, Mbezi Beach au Mbweni wana Kunduchi karibu zaidi.

Kaskazi kwa kawaida bahari ni tulivu kuliko wakati wa kusi, na mashua ndogo zinatoka kwa wingi. Mwezi nao una neno lake: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo usiku wa giza hupatikana wengi na mbalamwezi ikiwa kamili hupungua. Ukiona dagaa bei juu, tazama mbingu kabla ya kumlaumu muuzaji.

Mnadani wananunua wachuuzi kwa mafungu makubwa, na mtu wa kutaka changu wawili hana nafasi. Subiri wachuuzi wapange meza zao. Tazama macho ya samaki: yawe yametuna na kung'aa, si yaliyozama na kufunikwa ukungu. Fungua mashavu: mekundu, si kahawia. Bonyeza nyama: irudi. Harufu iwe ya bahari. Vijana wa kupaa magamba na kutumbua wapo palepale kwa malipo kidogo. Waachie, wanamaliza kwa dakika tatu kazi ambayo wewe ingekujazia magamba jikoni mpaka kesho.

Kuhusu barafu sina mzaha. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama. Anayekula hupata kuwashwa, uso kuwa mwekundu, kichwa kugonga, wakati mwingine kutapika, na moto hauiondoi sumu hiyo hata ukikaanga mpaka akauke. Wengi husema "samaki amenidhuru, nina aleji", kumbe samaki alichelewa kwenye jua. Nenda na ndoo yenye mfuniko, nunua barafu hapohapo, mlaze samaki ndani, na usipitie kwa shoga yako kusalimia.

Ukiwa na wasiwasi na usafiri, chagua changu au tasi badala ya vibua. Kwa chakula chepesi napendelea changu hata hivyo: nyama nyeupe, mafuta machache, na mfupa wake unatoa supu nzuri.

Hatua ya tano: maliza moto kabla ya saa tatu asubuhi

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanarudi sokoni, wanapumzika, wanaanza kupika saa tano. Geuza. Vinavyohitaji moto mrefu viwekwe jikoni asubuhi, hata wakati wa chai: choroko, viazi vitamu, magimbi, mihogo, ndizi mbichi. Vyote hivyo huliwa vikiwa baridi bila kupoteza ladha. Mihogo imenye, ichemshe mpaka iive kabisa na maji yake uyamwage. Mhogo mchungu una sumu na haufai kuonjwaonjwa mbichi.

Wakati hivyo vinachemka, osha. Majani yaoshwe kwenye beseni kabla ya kukatwa. Yatumbukize, yatikise, yainue. Mchanga unabaki chini. Mwaga maji, rudia mpaka chini ya beseni hakuna chembe. Watu wengi hukata kwanza halafu wanaosha, na vitamini vinavyoyeyuka kwenye maji vinaishia kwenye shimo la choo. Vitakavyoliwa vibichi, yaani kachumbari, majani ya saladi na matunda, suuza mwisho kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Kipindupindu hakichagui nyumba.

Kuna vyakula ambavyo ni busara kumwachia mwenye jiko lake barabarani. Pweza anataka moto wa karibu saa nzima. Chapati inakuweka mbele ya kikaango mpaka jasho lidondokee unga. Nunua vipande vya pweza kwa muuza supu wa jioni, chapati mbili kwa jirani anayepika za kuuza, na wewe tengeneza kachumbari ya nguvu. Sijui nani alituambia kwamba chakula cha nyumbani lazima chote kipikwe nyumbani.

Kachumbari, iliyofanywa kwa heshima

Kachumbari inadharauliwa kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Kwa watu wanne chukua kitunguu maji kimoja kikubwa, nyanya ngumu nne, tango moja, pilipili mbuzi moja, ndimu mbili na kishada kidogo cha kotmiri, ile ambayo wengine wanaiita giligilani.

Kata kitunguu slesi nyembamba kabisa. Nyunyiza kijiko cha chai cha chumvi, fikicha kwa vidole mpaka kilainike na kutoa maji, kisha suuza kwa maji safi mara mbili na ukamue. Ukali unaondoka, utamu unabaki, na hutatembea na harufu ya kitunguu mpaka jioni. Nyanya zipasue, toa mbegu zilizolegea kwa kidole, kisha kata vipande virefu. Tango limenye ukipenda. Kama ni changa acha maganda.

Changanya kitunguu, nyanya, tango na pilipili iliyokatwa, funika, weka mahali pa baridi. Chumvi na ndimu viingie dakika tano tu kabla ya kula. Chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyanya na tango. Ukiweka mapema utaikuta kachumbari inaogelea. Kotmiri juu, mwisho kabisa.

Ukishaweza hiyo, geuza. Embe bichi la kukwaruza badala ya nyanya, na ndimu ipunguzwe kwa sababu embe lina uchachu wake. Karoti na kabichi iliyokatwa kama uzi. Nanasi la vipande vidogo na kitunguu na pilipili, tamu sana na samaki wa kuchoma. Parachichi liingie mwisho, likatwe makubwa, na ndimu imwagiwe mara moja kwa sababu asidi yake inachelewesha weusi.

Changu chukuchuku

Hiki ndicho chakula ninachoweza kukipigania. Hakina tone la mafuta, kinaiva kwa dakika 20, na mtu aliyechoka kwa joto, asiyetaka hata kuona wali, atakimaliza.

Changu mmoja wa kilo moja, aliyekatwa vipande vinne au vitano pamoja na kichwa. Usitupe kichwa. Nyanya mbili zilizoiva sana, kitunguu kimoja, punje tatu za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, pilipili mbuzi moja nzima yenye kikonyo, ndimu mbili, chumvi, na maji vikombe vitatu.

Mpake samaki chumvi na nusu ndimu, muache dakika 15 huku ukitayarisha vingine. Bandika maji, tia kitunguu, nyanya zilizokatwa, saumu na tangawizi vilivyopondwa. Yaache yachemke dakika kumi, nyanya zipondeke. Onja chumvi sasa, kabla samaki hajaingia, kwa sababu baadaye hutaki kukoroga.

Punguza moto. Laza vipande vya samaki, kichwa kwanza kwa kuwa ndicho kinene. Weka pilipili nzima juu, ielee. Ikipasuka mchuzi wote unakuwa wa adhabu, ndiyo maana kikonyo kisitolewe. Funika. Maji yatokote polepole; yakichemka kwa fujo samaki anavurugika na kuwa uji. Dakika nane hadi kumi zinatosha. Shika sufuria kwa mikono miwili uitikise badala ya kutumia mwiko. Nyama ikianza kuachia mfupa, zima.

Ndimu iliyobaki ikamuliwe baada ya kuzima. Ndimu iliyochemka inapoteza harufu na kuleta uchungu. Ukitaka mboga ndani, bamia tano changa nzima ziingie pamoja na samaki. Zikiingia nzima haziachi utelezi mwingi. Kula na kiazi kitamu kilichochemshwa asubuhi, au ndizi, au ugali laini wa kiasi.

Vibua vidogo nao wanakubali, ila kwa dakika sita tu. Jodari hapana, anakauka. Yeye mpake ukwaju, saumu na pilipili, mchome juu ya makaa dakika chache kila upande, umalizane naye.

Mchicha wa nazi wa dakika kumi

Makosa mawili yanaua mchicha wa nazi: kuupika mpaka uwe wa kijivu, na kulichemsha tui mpaka likatike. Mafungu mawili ya mchicha yanatosha watu wanne, pamoja na nazi nusu. Kabla ya kuikuna nazi, itikise usikie maji ndani, kagua macho yake matatu yasiwe na ukungu. Kamua tui zito kwanza kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, weka pembeni, kisha tui jepesi kwa kikombe kingine.

Tui jepesi libandike na kitunguu na nyanya moja, chumvi, dakika tano. Tia mchicha, geuza, dakika tatu. Mimina tui zito, koroga bila kuacha na usifunike. Likianza kutoa vipovu pembeni, ipua. Kamulia matone ya ndimu mezani. Uchachu wenye vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye majani. Tui katika joto hili huchacha ndani ya saa chache, hivyo pika cha kuliwa na kuisha.

Matembele yafanye hivihivi, dakika moja au mbili zaidi. Kisamvu kiachie msimu wa baridi, kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu.

Choroko baridi na embe bichi

Kwa siku usiyotaka samaki, au mwisho wa mwezi. Kikombe kimoja na nusu cha choroko kiloweke usiku. Asubuhi chemsha dakika 20 hadi 30, ziive lakini zisipondeke, chuja, tandaza kwenye sinia zipoe haraka. Changanya na embe bichi moja lililokwaruzwa, karoti moja, kitunguu kilichofikichwa kwa chumvi kama cha kachumbari, na kotmiri.

Pasha vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, tupia kijiko cha chai cha bizari nyembamba nzima na punje mbili za saumu iliyokatwa. Bizari ikianza kurukaruka na kunukia, mwagia juu ya choroko, zitalia shaa. Geuza, onja, ongeza chumvi na pilipili. Hayo ndiyo mafuta pekee kwenye sahani nzima. Inakaa vizuri kwenye hotipoti ya kazini, ila ipelekwe ikiwa ya baridi, na iliwe mchana.

Matunda na vinywaji

Hapa sina mengi. Matunda yakatwe wakati wa kula. Tikiti lililokatwa na kukaa chini ya kawa kwa saa nne si tunda tena, ni shamba la vijidudu. Papai linataka ndimu. Saladi ya matunda imwagiwe pesheni badala ya sukari. Embe mbivu liachwe lenyewe.

Ukwaju: gramu 200, maji ya moto vikombe viwili, nusu saa, kamua kwa mkono, chuja, ongeza lita moja na nusu ya maji ya kunywa na sukari kidogo kuliko unavyotamani, na chembe ya chumvi. Dafu nunua njiani, kwa mwenye baiskeli, unywe hapohapo na umwombe akupasulie ule nyama yake.

Wakati wa mfungo

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya joto lenyewe, na meza za futari zinaendelea kujazwa vya kukaanga. Sambusa mbili si dhambi. Lakini aliyekuwa bila maji kutwa nzima atashukuru zaidi akianza na tende, ukwaju au dafu, uji mwepesi, kisha akirudi kutoka kuswali apate chukuchuku na magimbi. Magimbi ya nazi yachemshwe alasiri, tui zito liingie dakika za mwisho. Kwa daku, choroko baridi humshikilia mtu vizuri kuliko wali uliojaa mafuta, ambao unamwachia kiu.

Kuhifadhi, na umeme ukikatika

Nyanya mbichi kidogo, vitunguu, ndizi na maembe yasiyoiva vikae nje, kwenye ungo, kivulini, visirundikane. Vitunguu na viazi visikae pamoja, vinaharibiana. Majani yaliyooshwa yakaushwe, yafungwe kwenye kitambaa safi, yaingie kwenye friji. Embe na parachichi vikishaiva ndipo vinaingia.

Tui la ziada mimina kwenye vibati vya barafu, ligande; vipande vinne vinatosha mboga ya watu wawili. Samaki akiingia friza awe amekatwa na kufungwa kwa mlo mmoja mmoja, usije ukalazimika kuyeyusha kilo tatu kwa ajili ya vipande viwili. Umeme ukikatika, usifungue friji kuchungulia. Ikibaki imefungwa hushika ubaridi kama saa nne. Friza iliyojaa hushika muda mrefu zaidi, hadi siku mbili. Zikipita saa nne, samaki na nyama vilivyokuwa upande wa friji, si friza, usivionee huruma.

Kiporo kina sheria yake. Wali ulioiva ukikaa nje kwenye joto la Dar, kuna bakteria ambaye mbegu zake hustahimili kupikwa. Anazaliana na kutoa sumu, na kuupasha moto hakuifuti. Kwa hiyo wali uliobaki mchana utandazwe upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na uliwe kesho yake asubuhi ukiwa umepashwa mpaka utoe mvuke. Uliolala mezani chini ya kawa mpaka alfajiri wape kuku.